Kubadilisha spesho ukiwa katikati ya rezidensi: maswali mnayoniuliza sana wenzangu wa Mtwara na Lindi

Mi ni daktari wa ganzi na usingizi, nafanya kazi hapa Mtwara. Nilianza MMed, yaani masomo ya udaktari bingwa (ndo rezidensi yenyewe), ya magonjwa ya wanawake na uzazi, nikasoma mwaka mzima, nikatoka, nikaanza upya usingizi mpaka nikamaliza. Tangu nirudi huku simu hazikatiki, leo dokta wa Newala, kesho wa Liwale, kesho kutwa intani (daktari aliye mafunzo kazini) pale Ligula, hospitali ya mkoa Mtwara, na wote wanazunguka pale pale: nimekosea spesho, yaani fani ya ubingwa, nifanyeje. Nimeona niyaandike yote sehemu moja, soma linalokuhusu. Taratibu za chuo chako utazikuta kwenye prospektasi yao, isome yote kabla hujampigia mtu yeyote hata mimi, maana nusu ya majibu yako mle.

Hivi inaruhusiwa au ndo unafukuzwa?

Inaruhusiwa. Hakuna sheria inayokufunga kwenye idara mpaka ufe nayo. Ila elewa kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: barua yako ya udahili haijasema umekubaliwa chuo, imesema umekubaliwa programu fulani ndani ya hicho chuo. Kwa hiyo hapa kwetu mara nyingi hakuna kuhama, kuna kutoka na kuingia upya. Unaandika barua ya kujiondoa, dirisha la udahili likifunguliwa unaomba spesho nyingine kama mtu mwingine yeyote, unashindania nafasi kama mtu mwingine yeyote.

Pengine unapopata nafuu ni wiki za mwanzo mwanzo za muhula wa kwanza, vyuo huwa vinakubali mtu abadili programu kama idara anayoitaka bado ina nafasi. Kama uko wiki ya pili na roho inakataa usisubiri ufike mwezi wa tano, nenda ofisi ya masomo ya uzamili kesho asubuhi.

Na usije ukaamua kuacha kusoma ili udisko, yaani chuo kikuondoe kwa kufeli, ndo utoke kirahisi. Nimeona mtu anafanya hivyo, hafanyi mtihani, hasaini chochote, anapotea tu. Kujiondoa kwa barua na kudisko ni vitu viwili tofauti kabisa kwenye rekodi yako na utaulizwa siku unaomba tena, na hapo utakuwa huna cha kujibu.

Nitajuaje kama nimechoka tu au kweli spesho sio yangu?

Hili ndo gumu kuliko yote, hapa ntakaa.

Uchovu wa rezidensi ni wa kila mtu. Umepiga kol, yaani zamu, usiku kucha, asubuhi raundi, mchana kipindi, kuna mtu amekufokea mbele ya mgonjwa, na nyumbani Tandahimba mtoto ana homa na we uko Dar huna hata muda wa kupiga simu. Ukiwa kwenye hali hiyo hata spesho unayoipenda ungetamani uiache. Usiamue siku umetoka kol. Omba likizo, lala, kula, kaa na watu wako, ndo ujiulize vizuri.

Afu kama unalia kila siku, usingizi umekata, au unawaza bora usingekuwepo duniani, hilo sio suala la spesho kwanza. Hilo ni ugonjwa na we ni mgonjwa, muone mwenzetu wa saikatria, magonjwa ya akili, wiki hii hii. Ya spesho yatasubiri.

Kipimo changu mimi ni hiki: ukiwa umelala vizuri na hakuna aliyekugombeza, ukiingia kazini macho yako yanaenda wapi?

Nieleze yangu. Kabla ya kwenda kusoma nilikuwa hospitali moja ya wilaya huku kusini, oparesheni za uzazi nafanya mwenyewe. Usiku mmoja tumempeleka mama thieta, chumba cha upasuaji, mtaalam wa usingizi tulikuwa naye mmoja tu na siku hiyo yuko msibani, nikachoma mwenyewe ganzi ya mgongoni, nikavaa glavu nikapasua, nesi ndo akabaki kuangalia presha. Presha ikashuka ghafla, mama anatapika, anasema dokta naenda, na mi mkono uko tumboni. Tulifungulia dripu, nesi akachoma efedrini, dawa ya kupandisha presha, mtoto akatoka analia na mama akarudi. Wote wawili walienda nyumbani wazima. Ila mimi sikulala siku mbili, nikajiambia lazima nikasome uzazi ili nisiogope hivi tena. Sasa kosa lilianzia hapo, sikujiuliza niliogopa nini hasa. Sikuogopa kupasua, kupasua nilikuwa najua. Niliogopa kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumlinda yule mama wakati mimi napasua.

Rezidensi ikaanza. Supavaiza wangu, mama mtu mzima, mtaratibu sana, akawa ananiona kila tukiingia thieta nimegeuza shingo naangalia monita. Siku moja tumemaliza akaniita korido akaniambia, "Mwanangu, mikono yako iko kwangu ila macho yako yako kule kichwani kwa mgonjwa. Kaa ulifikirie hilo." Kichwani ndo anaposimama mtu wa usingizi. Hakusema kwa ubaya. Nilikaa nalo miezi minne.

Sa we jikague. Usiku ukiwa na nusu saa ya hiari unasoma nini, maana nina mdogo wangu mmoja alikuwa rezidenti wa upasuaji na kila nikimkuta anasoma habari za sonona na kifafa. Ukipewa mgonjwa, ni swali gani huwa unaendelea kulijibu kichwani hata shifti imeisha? Na unamuonea wivu nani, nasema wivu wa kazi anayoifanya sio wa gari lake.

Kitu ambacho sio sababu ni mtu mmoja mkali. Usibadili spesho kumkimbia bosi. Wakali wapo kila idara, utamkuta mwingine kule na utakuwa umeshapoteza mwaka.

Mbona watu wengi wanakosea kuchagua?

Kwa maoni yangu tatizo linaanzia intanishipu. Ule mwaka mmoja unazunguka tiba, upasuaji, watoto, na wanawake na uzazi, hizo kubwa nne ndo unaziishi. Usingizi, saikatria, dharura, radiolojia, patholojia, macho, ngozi, hizo unazipitia juu juu au huzioni kabisa, hasa ukiwa umefanyia mikoani kwetu ambako baadhi ya hizo idara hazikuwa na bingwa hata mmoja. Mtu anaenda kuomba MMed anachagua kati ya vitu vinne alivyoviona, na cha tano ambacho ndo chake hajawahi kukutana nacho.

Hata magonjwa ya dharura kama spesho yenyewe kwetu ni changa, mafunzo yake Muhimbili yalianza 2010 tu. Dokta aliyesoma zamani asingeweza kukushauri uende huko maana haikuwepo.

Kwa hiyo we unayesoma hii bado hujaomba popote, usikimbilie. Wale madaktari bingwa wa Rais Samia wanapopita wilayani na kambi zao, usiwaachie wagonjwa tu ukarudi ofisini. Omba ukae nao mwanzo mpaka mwisho wa kambi, shika logubuku, daftari la kuandika kazi ulizofanya, waulize maisha yao yakoje. Ni bure na wako mlangoni kwako.

Mwaka niliomaliza utahesabiwa?

Mara nyingi hapana. MMed nyingi kwetu ni miaka mitatu, chache minne, na ukianza spesho mpya unaanza mwaka wa kwanza. Masomo ya msingi ya mwaka wa kwanza kama takwimu, mbinu za utafiti na maadili huwa yanafanana kati ya programu, hivyo ukibaki chuo kile kile una haki ya kuuliza kama utasamehewa kuyarudia. Uliza kwa maandishi, jibu likae kwa maandishi. Ya kliniki usitegemee.

Mimi nilirudia yote na nilinung'unika sana mwanzoni. Ila nikwambie ukweli, ule mwaka wa uzazi natembea nao mpaka leo. Mpasuaji akisema mji wa mimba haujikazi mi najua anachokiona na najua dakika ngapi ninazo, na mgonjwa wa kifafa cha mimba akiletwa sisubiri nielezwe. Chuo hakijauhesabu ila wagonjwa wanaupata.

Wapasuaji mna njia ya pili, COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Kule unafundishwa ukiwa kazini kwenye hospitali iliyoidhinishwa, miaka miwili ya kwanza halafu mitatu ya fani yako, jumla mitano. Kama kinachokushinda ni maisha ya chuo na sio upasuaji wenyewe, iangalie hiyo kabla hujabadili spesho.

Mi ni mwajiriwa wa serikali, mshahara na ruhusa inakuwaje?

Hapa ndo watu wanaumia, na wanaumia kwa kunyamaza tu.

Ruhusa yako ya masomo imetaja kozi, chuo na muda. Siku umejiondoa kwenye ile kozi ruhusa imeisha, hata kama bado umepanga chumba Upanga na unajiona uko masomoni. Unatakiwa urudi kituo chako cha kazi na uripoti kwa maandishi. Ukikaa tu Dar "nasubiri dirisha" huku mshahara unaingia, hujasoma na hujafanya kazi, na siku ikijulikana utadaiwa kuurudisha. Zaidi ya hapo kukosekana kazini siku tano bila ruhusa tayari ni utoro na adhabu yake inaweza kufika kufukuzwa kazi. Daktari mzima unafukuzwa kwa sababu uliona aibu kurudi Nanyumbu, jamani.

Barua inapita wapi, inategemea uko wapi. Kama kituo chako ni zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya, we ni wa halmashauri, inaanzia kwa Mganga Mfawidhi, inaenda kwa DMO, mganga mkuu wa wilaya, inafika kwa Mkurugenzi. Kama uko Ligula, Sokoine pale Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, hizo ziko chini ya Wizara ya Afya, barua inapita kwa uongozi wa hospitali kwenda kwa Katibu Mkuu. Namjua mtu wa hospitali ya mkoa alipeleka halmashauri, ikalala miezi kwa sababu hakuna aliyejua ni ya nani.

Yangu mimi ilikaa wiki saba ofisi moja ndani ya faili ambalo sio langu na dirisha la udahili likanipita. Nililia kweli. Tangu hapo kila barua nachukua nakala, inagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, naipiga picha. Fanya hivyo hivyo.

Halafu spesho mpya lazima iingie kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na mipango inapikwa miezi kabla. Ukirudi Februari ukaongea na Afisa Utumishi mapema unaweza kuingizwa, ukirudi Agosti utakuta sahani zimeshaoshwa. Kama unajua utabadili, panga kurudi kwako kwa hesabu hiyo.

Wa hospitali za misheni, Ndanda, Nyangao na kwingine, nyie mkataba wenu ni na waliowatuma. Walikutuma kwa sababu wanakuhitaji kwenye kitu fulani. Usiwaandikie ujumbe wa simu, panda basi uende ukakae nao uso kwa uso.

Nina ufadhili wa Wizara, naweza kubadili nikabaki nao?

Ufadhili unatolewa kwa fani, sio kwa sura yako. Wizara imekulipia kwa sababu kuna pengo la hiyo fani sehemu. Kwa hiyo hesabu kwamba ukitoka na ufadhili umetoka, na soma mkataba uone kipengele cha kurudisha fedha kinasemaje kabla hujaandika barua ya kujiondoa, sio baada. Ukishausoma nenda ukawaone wenyewe uwaulize. Watakuuliza kwa nini na unataka kwenda wapi, uwe na jibu lililonyooka.

Nianze kumwambia nani?

Mwenza wako. Kama umeoa au umeolewa huyo ndo wa kwanza, maana miaka inayoongezeka ni yake pia.

Baada ya hapo supavaiza mmoja unayemuamini, sio lazima awe mkubwa. Akishakusikiliza nenda idara unayoitaka, kaa nao siku za mapumziko yako, wiki mbili tatu, kol pia upige, usiku wa manane ndo utajua. Mimi nilikaa thieta kwa watu wa usingizi jumamosi sita. Ya tatu nilijua.

Hapo ndo unaenda kwa hedi wa idara yako. Mwambie wewe kabla hajaambiwa na mtu mwingine, hilo ni muhimu kuliko maneno utakayotumia. Idara ndogo, rota imeshapangwa, ukitoka kol zako zitabebwa na wenzako, kwa hiyo mpe muda, mwambie utamaliza mwezi huu, utakabidhi wagonjwa wako, logubuku iko sawa. Usiiseme vibaya idara, kwanza sio kweli kwamba ni mbaya, pili utamhitaji akuandikie barua ya utambulisho. Hedi wangu alikasirika, wiki mbili hakunisemesha, mwisho wa siku yeye ndo aliandika barua nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo.

Barua yenyewe ya kujiondoa iwe fupi. Jina, namba ya usajili, programu, tarehe unayoishia, sababu sentensi mbili, shukrani. Hadithi yako yote usiiweke mle.

Nyumbani nitawaambia nini? Walichanga.

Najua. Kwetu Wamakonde, na nyie Wamwera, Wayao, Wamakua mnajua, mjomba ana sauti, na mimi ada ya muhula wa kwanza ilikuwa korosho za mjomba. Aliuza mnadani akasubiri malipo, hela ikaingia kijijini, akaitoa yote. Halafu mimi nirudi niseme nimeacha.

Nilimfuata shambani mwenyewe. Sikumpigia simu. Nikamweleza tukio la yule mama thieta kama nilivyowaeleza nyie, nikamwambia nilienda kusomea kupasua kumbe nilitakiwa nikasomee kumlinda anayepasuliwa. Akanyamaza, akaendelea kufyeka, mi nikachukua panga lingine tukafyeka wote kama saa nzima. Mwisho akauliza, "Ni miaka mingapi?" Nikasema mitatu. Akasema mkorosho nao ukipanda leo unakaa miaka mitatu ndo unaona bibo, nenda kasome, ila hii mara ya pili ada ujitafutie. Na nilijitafutia.

Wengi familia haziumizwi na kubadili, zinaumizwa na kujua kwa mtu wa pembeni. Nenda ukaseme mwenyewe.

Na kwa hela pangeni mapema, chuo kinaanza karibu na Oktoba na minada ya korosho nayo inaanza Oktoba lakini hela haiingii siku hiyo hiyo. Uliza chuo ulipaji wa awamu.

Wananiambia nimeshindwa, natoka upasuaji naenda saikatria.

Aliyekwambia hivyo hajawahi kukaa na familia ya kijana aliyejaribu kujinyonga. Nenda kasome saikatria, tunakuhitaji sana.

Huku kusini kuna uhitaji wa spesho gani, nisije nikabadili nikakosa kazi?

Piga hesabu na mimi. Sensa ya 2022 Mtwara ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.6 na Lindi karibu milioni 1.2, jumla kama milioni 2.8. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2015 ilisema kila watu 100,000 wawe na angalau mabingwa 20 ukijumlisha wapasuaji, wa usingizi na wa uzazi. Kwa watu wetu hiyo ni zaidi ya mabingwa 560, kwa hizo fani tatu tu. We unayefanya kazi huku unajua tuko wangapi, huhitaji nikwambie.

Na umbali nao. Kutoka Mtwara mjini mpaka Dar ni kama kilomita 560, mgonjwa anaondoka huku akiwa na presha nzuri anafika akiwa mtu mwingine. Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ilikatika maeneo ya Somanga na siku zile hakuna rufaa iliyopita kwa gari kwenda Dar kwa njia hiyo. Siku kama hizo uwezo unaokuwa nao ni ule ulioko huku huku. Tangu hapo mtu akiniuliza spesho gani ina soko huku namwambia chagua ile utakayoweza kuifanya miaka 30 ukiwa Nachingwea, mana yoyote utakayorudi nayo itatumika.

Ila nina upendeleo, nausema wazi, usingizi. Wilayani karibu kazi yote inabebwa na wauguzi na maafisa tabibu waliosomea usingizi, wanafanya kazi kubwa sana na wengi ndo walionifundisha mimi, lakini wanahitaji bingwa wa kumpigia saa nane usiku.

Niko mwaka wa mwisho, nimegundua sio yangu.

Maliza. Bado dizetesheni (andiko la utafiti) na mtihani, maliza, chukua cheti, ndo uamue. Ukiwa bingwa tayari una mlango mwingine wa ubobezi ambao unaweza kukusogeza karibu na unachokipenda bila kuanza mwanzo kabisa: aliyesoma tiba anaweza kwenda moyo au figo, wa watoto anaweza kwenda watoto wachanga. Nimeshauri wawili hivyo na mmoja mpaka leo hajabadili kitu, alikuwa amechoka tu.

Mi nataka kwenda kusoma Marekani, kule wanabadilishaje?

Kule rezidenti ni mwajiriwa anayelipwa, kwa hiyo mambo ni tofauti. Nafasi zinagawanywa kwa mfumo unaoitwa Match, majibu yanatoka Machi, kazi inaanza Julai 1. Ukishapangiwa umefungwa, unatakiwa uanze na ukae angalau siku 45, huwezi kukimbia wiki ya kwanza. Anayetaka kubadili ama anaingia Match upya ama anatafuta programu iliyobakiwa na nafasi ya mwaka wa pili, na mkurugenzi wa programu yake ya zamani ataulizwa habari zake, haikwepeki.

Kuna jambo la pesa ambalo wageni hawaambiwi. Serikali yao kupitia Medicare, bima yake ya afya hasa ya wazee, inazilipa hospitali kwa ajili ya kufundisha marezidenti, na inalipa kikamilifu kwa idadi ya miaka ya spesho uliyoanza nayo. Ukianza na spesho ya miaka mitatu kama tiba ya ndani halafu ukahamia upasuaji wa miaka mitano, ile miaka inayozidi sehemu ya malipo inashuka kuwa nusu. Kwa hiyo kuna programu zitasita kukuchukua na hawatakwambia sababu.

Na sisi wageni tunaoingia kwa viza ya J-1, ya mafunzo, kuna masharti zaidi, unaruhusiwa kubadili spesho mara moja tu na lazima iwe ndani ya miaka miwili ya kwanza. Miaka miwili ikipita mlango umefungwa. Kwa hiyo usiende na spesho "ya kuingilia tu" ukidhani utabadili mbele ya safari.

Uingereza ni kama kwetu, unaomba upya na kushindana upya.

Nasubiri dirisha, huku kituoni nifanye nini?

Fanya kazi kama hujawahi kuondoka. Hakikisha leseni yako ya Baraza la Madaktari iko hai na pointi za mafunzo endelevu unazo, usije ukapata udahili leseni imelala. Muombe Mfawidhi akupange karibu na spesho unayoiendea, kama ni watoto kaa wodi ya watoto, kama ni dharura kaa mapokezi. Anza kufikiria swali la dizetesheni kutokana na wagonjwa wa hapo hapo. Mi swali langu lilitoka kwenye daftari la thieta la ile hospitali yangu ya wilaya, nimelinakili usiku kwa mkono kurasa na kurasa.

Watu watakuuliza mbona umerudi. Wajibu mara moja, kwa utulivu, uendelee na raundi.

Ukibadili ukajuta?

Inatokea. Nina rafiki alibadili na anasema angebaki. Hakunificha na sikufichi. Yeye hakukaa kwenye ile idara mpya hata siku moja kabla ya kuandika barua.

Naweza kuja kuona kazi ya usingizi kabla sijaamua?

Karibu sana. Njoo na barua ya Mganga Mfawidhi wako, maana thieta haiingii mtu bila utambulisho, na njoo na skrabu zako na viatu vya kubadilisha. Usije siku moja ukaondoka, tenga wiki. Asubuhi utakuwa na mimi kwenye oparesheni zilizopangwa, tutaanza saa moja na nusu kukagua mashine, oksijeni na dawa kabla mgonjwa hajaingia, hapo ndo utaona kama unapenda au unasinzia. Usiku utakaa na mtaalam wa zamu, na ukiitwa leba saa tisa we ndo utasimama kichwani kwa mama, umshike bega, uangalie presha kila dakika mbili na uniambie unachokiona.